Korosho zangu hununuliwa zingali maua, na mume wangu hataki kusikia habari za chama

Assalamu alaikum, Ami.

Naomba unipokee kama mwanao, kwani jambo hili limekuwa zito nyumbani na sina wa kumweleza ambaye hatalipeleka barazani.

Mimi ni mtu wa Mkunumbi, Lamu. Mamangu, Mungu amrehemu, aliniachia mikorosho yapata thelathini katika shamba la ukoo. Ardhi si yangu, miti ndiyo yangu, na kila mtu kijijini anajua hivyo. Ikifika kaskazi naokota, naanika, nauza. Nasema nauza, lakini kusema kweli huwa nimekwisha kuuza zamani. Mwezi wa nane karo ikinibana namfuata dalali, ananipa pesa, tunakubaliana bei ya wakati ule miti ingali maua. Korosho zikianguka zote ni zake. Msimu uliopita jirani yangu ambaye hakuwa na deni aliuza kilo kwa bei iliyokaribia maradufu ya yangu. Magunia yake na yangu yalipakiwa kwenye gari moja, siku moja, nami nimesimama pale natazama.

Mwaka huu baadhi yetu, wengi wetu wanawake, tumesema tuungane. Tukusanye korosho mahali pamoja, tuwe na mizani yetu, tuite wanunuzi zaidi ya mmoja. Tumefika watu ishirini na kitu.

Shida ya kwanza ni mume wangu. Yeye kwao ni bara, upande wa Magharibi, kwenye miwa. Babake alikuwa mkulima mdogo, ekari mbili, na alikuwa mwanachama wa chama cha wakulima wa miwa tangu ujana wake. Mume wangu alikua akiona karatasi ya malipo inaletwa nyumbani imejaa makato: kulimiwa, mbegu, mbolea, kukatiwa, usafiri, ada ya chama, na chini kabisa mzee ndiye anayedaiwa. Kuna miwa iliyokaa shambani ikapita umri wake bila kuja mtu kuikata. Mzee alifariki akidai pesa zake, na viongozi wa chama walikuja mazishini kwa gari la chama. Gari hilo mume wangu hajalisahau mpaka leo. Nikitaja habari ya kuungana anainuka anatoka. Hajanikataza kwa kauli ya wazi, ila ameniambia: "Ukiingia humo, usiniletee deni lao humu ndani."

Shida ya pili ni mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mamangu. Ndiye anayetaka uenyekiti, na watu wengi wanamtaka. Mamangu alipougua yeye ndiye aliyetushika, siwezi kumsahaulia hilo. Lakini msimu wote wa korosho mjomba huyu ndiye mkusanyaji wa dalali yuleyule, na kila gunia lina kitu chake. Sasa ndiye anayepokea kiingilio, tunamtumia kwenye simu yake mwenyewe. Risiti hakuna. Niliuliza kikaoni, akanitazama akasema, "Mwanangu, leo mimi wa kuniuliza risiti?" Watu wakacheka, nikanyamaza.

Tena dalali bado ananidai sehemu ya pesa za mwaka jana, kwa sababu maua mengi yalipukutika na korosho hazikutosha.

Ami, niingie au niache? Na nikiingia, nimwambie nini mume wangu, na nimwambie nini mjomba bila kumvunjia heshima?

Mwenye Mikorosho, Mkunumbi


JIBU

Wa alaikumu salaam, mwanangu. Mungu amrehemu mamako na akuwekee miti yako.

Ingia, ila si kwa namna mlivyoanza. Na kabla hatujafika kwa mjomba wako nataka tukae kwanza na mume wako. Kati ya wote uliowataja yeye ndiye mwenye elimu mnayoihitaji, nanyi mnamwona kuwa kizuizi.

Yaliyompata babake yamewapata wakulima wengi, na sababu zake zinaeleweka. Mua humfunga mkulima mdogo kuliko mazao mengi. Huko Magharibi mua wa kwanza hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili kabla ya kukatwa. Mwenye ekari mbili hawezi kugharimia shamba muda wote huo bila kipato, kwa hiyo kiwanda ndicho kinachomlimia, kinachomletea mbegu na mbolea, na kila kitu kinaandikwa deni lenye riba. Ukishakatwa, mua haungoji. Sukari yake huanza kupungua papo hapo, na ukilala juani siku mbili tatu uzito nao umeshuka. Ni mzigo mkubwa wa thamani ndogo, huwezi kuupeleka mbali kutafuta bei. Basi mkulima anabaki na mnunuzi mmoja, na mizani iliyopo ni ya mnunuzi huyo, nayo hupima wakati mwenye mali yuko kwake shambani.

Mtu wa namna hiyo akiwa peke yake hana kauli. Ndiyo maana wakulima wa miwa katika nchi nyingi wameunda vyama. Chama kinaweza kupanga zamu ya kukata ili mua wa mnyonge usipitwe na umri, kinaweza kubishania nauli ya matrekta, kinaweza kuweka mtu wake langoni pa mizani. Hayo yote yamefanyika mahali pengi na yamewasaidia watu. Usikubali mume wako akuambie kwamba kuungana kwenyewe ndiko kulikomuua babake kwa majonzi.

Sasa itazame tena ile karatasi uliyoieleza. Ada ya chama ilikatwa humohumo, pamoja na mbolea na usafiri, kabla mzee hajaona senti. Hapo ndipo penye ugonjwa. Kiongozi ambaye gari lake na posho yake vinatoka kwenye makato ya kiwandani hana haja ya kumwogopa mwanachama, kwa kuwa mwanachama hana namna ya kumnyima. Anayeweza kumnyima ni kiwanda, kwa hiyo atakiogopa kiwanda. Baba mkwe wako alikuwa analipia chama asichokuwa na nguvu juu yake. Hasira ya mume wako juu ya lile gari ni hasira sahihi, na ningependa iwe ndani ya chama chenu tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo la pili katika habari za miwa, na hili linakugusa wewe moja kwa moja. Kiwanda cha sukari cha Mumias, hukohuko Magharibi, kilianza kusaga miwa mwaka 1973, na wakulima wake wakawa na kampuni yao kubwa iliyowakopesha pembejeo maelfu ya watu. Kwa miaka mingi ilionekana imara. Kisha malipo ya miwa yakaanza kuchelewa, miezi ikawa mingi, na viwanda vingine vikaja na malipo ya haraka. Wakulima wakawapa hao wageni miwa iliyolimwa kwa mkopo wa wengine. Mikopo ikabaki bila wa kuilipa, viwanda vikashtakiana wizi wa miwa, na mwaka 2019 Mumias ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni. Wapo wanaosema wakulima wale hawakuwa waaminifu. Mimi siwezi kusema hivyo. Mzazi ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo hawezi kuambiwa angoje nusu mwaka kwa ajili ya umoja. Chama kinachochelewesha pesa kimemfukuza mwanachama wake, hata kama jina lake bado limo daftarini.

Kwa hiyo, mwanangu, adui wa chama chenu si ubaya wa dalali. Dalali ana kitu kimoja kizuri ambacho nyinyi bado hamna: anakuja na pesa siku unayoihitaji. Mkilisahau hilo mtahubiriana umoja kikaoni, na mwezi wa nane nusu yenu watapita mlango wa nyuma kwenda kwake, na wewe utakuwa miongoni mwao.

Hapo nije kwenye bahati mliyo nayo. Mua haungoji, lakini korosho inangoja. Ikianikwa vizuri siku mbili tatu, ukaibonyeza kwa ukucha isiache alama, ukaitikisa ukasikia inagonga, hiyo inaweza kukaa ghalani miezi. Itie kwenye magunia ya katani, si ya plastiki yanayoitia jasho, na magunia yakae juu ya vichanja, yasiguse sakafu wala ukuta. Mkulima wa miwa angetoa nini apate nafasi hiyo! Anayeweza kungoja anaweza kukataa bei mbaya. Wewe una zao linalongoja, ila mwenyewe huwezi kungoja, kwa kuwa umekwisha kuuza maua.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya chama chenu iwe ni huo mwezi wa nane. Bei ije baadaye. Kaskazi hii, kila mtu atakapouza, abakishe kidogo kwa kila kilo katika mfuko wa karo, na aandikwe kwa jina lake. Tuseme kila mmoja ameuza kilo 200 na mmekubaliana shilingi 5 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa mtu, na kwa watu 25 ni shilingi 25,000. Haitoshi kulipa karo ya wote, najua. Inatosha kuwavusha wawili au watatu waliobanwa zaidi, na hao wawili watatu hawatauza maua. Mwaka wa pili itawavusha wengine zaidi. Sanduku la kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, na pesa zihesabiwe mbele ya wote. Njia hii imetumika vijiji vingi na haihitaji ofisi. Tena unajua kuwa kuuza matunda mtini kabla hayajaonekana kupevuka kumekatazwa katika hadithi sahihi. Waulize wanazuoni wenu wawafafanulie masharti ya malipo ya mbele, maana yapo yanayoruhusiwa, nanyi mkilizungumza mtakuta hata wazee wa msikitini wako upande wenu.

Na ukiacha mfuko huo mdogo, msimu wa kwanza chama kisishike pesa ya mtu yeyote. Hili ndilo nililotaka kukuambia kuliko yote. Msinunue korosho za wanachama, msikope, msikodi gari, msizungumzie kiwanda cha kubangua. Chagueni siku moja. Kila mtu alete korosho zake zilizokauka. Iteni wanunuzi watatu, waone mzigo, kila mmoja ataje bei mbele ya watu. Anayeshinda apime kwa mizani yenu iliyokaguliwa, amlipe kila mwenye gunia palepale, mkononi au kwenye simu ya mwenyewe. Chama kitakuwa kimefanya mambo matatu tu: kimekusanya mzigo mkubwa wa kumvutia mnunuzi, kimesimamia mizani, kimeandika. Pesa zimetoka kwa mnunuzi zikaenda kwa mwenye mali. Hakuna makato ya kubishania, na mume wako hatapata karatasi ya kumkumbusha ile ya babake.

Wanunuzi watakuwa nani? Msiishie kwa madalali. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilizuia korosho ghafi kusafirishwa nje ya nchi, kwa hiyo mzigo wa madalali mwishowe huenda kwa wabanguaji wa humu nchini. Watafuteni hao wenyewe. Mwenye kiwanda hawezi kuja Mkunumbi kwa gunia moja, lakini kwa magunia ya watu ishirini na tano anaweza kutuma gari. Atauliza mzigo una unyevu gani, na kama punje zimejaa au zimesinyaa. Ndiyo maana mkubaliane mapema kwamba anayeleta korosho mbichi au zenye mchanga anarudishwa, hata akiwa nani. Gunia moja baya linawashushia bei wote, na kumrudisha mtu gunia lake kijijini kwenu ni kazi ngumu. Mpeni kazi hiyo mtu ambaye hana ndugu wengi katika kundi.

Wenzetu wa Mtwara na Lindi, Tanzania, wamekwenda mbali zaidi. Tangu msimu wa 2007 wao wana mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, zinapimwa na kupangwa daraja, zinaingia ghalani, chama kikuu kinaitisha mnada, na mkulima analipwa kupitia benki. Faida yake ni kwamba bei hutajwa hadharani. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnada kwa sababu korosho zilikuwa ghalani na ziliweza kungoja, na serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 za Tanzania kwa kilo. Lakini ukiwasikiliza wakulima wa kule wanalalamikia nini, utasikia yaleyale ya miwa: makato mengi, na pesa kuchelewa. Wengi msimu ule wa 2018 walisubiri sana. Mfumo mzuri namna ile ukikosa kulipa kwa wakati unarudisha watu kwa walanguzi wa kichochoroni. Mkifika huko siku moja, mtakuwa mmekwisha kujua pa kutazama.

Kuhusu kuandikishwa, anzeni kama kikundi cha jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkiuza pamoja misimu miwili na hesabu zikasomeka, ndipo mwende kwa afisa wa ushirika wa kaunti. Sheria ya Vyama vya Ushirika inataka watu wasiopungua 10, kila mwanachama ana kura moja hata awe na hisa nyingi kiasi gani, na hesabu lazima zikaguliwe na zisomwe kwenye mkutano mkuu. Mwanachama mwenye shaka ana pa kwenda: kamishna wa ushirika anaweza kuamuru uchunguzi, na kiongozi aliyepoteza mali ya chama anaweza kudaiwa yeye binafsi. Haya yaandikeni kwa Kiswahili kwenye katiba yenu na yasomwe kwa sauti, kwa kuwa kuna wanachama wasiosoma na hao ndio wanaoibiwa kwanza.

Jambo jingine la kuandika mapema: mwanachama ni mwenye miti, hahitaji hati ya shamba. Katika maeneo ya miwa mkataba mara nyingi uliandikwa kwa jina la mwenye ardhi, ambaye ni mwanamume, na mwanamke aliyepalilia akaambulia kuomba. Kwetu pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na wanawake wengi wa Mkunumbi, Witu na Hindi wako kama wewe. Mkikubali mtu mmoja asiyeelewa jambo hili awaletee fomu ya kutaka hati, nusu ya kundi lenu itatoka siku hiyo.

Sasa mjomba. Umefanya vyema kuuliza, na umefanya vyema kunyamaza walipocheka. Kikaoni si mahali pa mpwa kushindana na mjombake. Nenda nyumbani kwake, siku isiyo ya kikao, na upitie kwa mkaza mjomba kwanza ukae naye jikoni. Kisha mwambie mjomba kwa unyenyekevu unaomstahili: "Mjomba, pesa za watu ziko kwenye simu yako. Mtu akija kukusema, mimi nitakutetea kwa nini? Nipe orodha ya waliolipa, na tufungue akaunti ya sahihi tatu tuzihamishe, ili nikisimama kukusemea niwe na karatasi mkononi." Hayo si maneno ya hila. Ni kweli kwamba risiti inamlinda yeye kabla haijakulinda wewe. Mtu mwema aliyewashika msiba wa mamako hastahili kuachwa ashike pesa za watu ishirini na kitu bila ushahidi, halafu siku moja simu ipotee.

Uenyekiti ni jambo tofauti na hapo usilegee. Mtu hawezi kuwauzia wanachama na papo hapo kuwanunulia. Akiwa mwenyekiti na mkusanyaji wa dalali, siku ya mnada atajua bei ya chini mnayoweza kuikubali, na kamisheni yake inatoka upande wa pili. Hata akiwa mwaminifu kabisa, watu watanong'ona, na mnong'ono unatosha kuua chama cha mwaka mmoja. Lakini usilitaje jina lake. Wewe na wenzako wachache mlete kipengele kabla ya uchaguzi: yeyote anayenunua korosho, au kukusanya kwa niaba ya mnunuzi, hashiki uongozi mpaka msimu mzima upite tangu aache kazi hiyo. Kipengele hicho kinawahusu wote, leo na kesho. Achague mwenyewe.

Akichagua kubaki na ukusanyaji, msimpoteze. Anajua wanunuzi, anajua uzito kwa kuinua gunia, anajua nani huchanganya mawe. Mwajirini siku ya mauzo kwa ujira unaojulikana, uliotangazwa, unaolipwa na nyinyi. Naamini wengi wa kazi yake hufanya ukusanyaji kwa kuwa hakuna mwingine aliyewahi kuwalipa kwa ujuzi wao.

Kwa mume wako, usiingie kwa siri. Siri ya pesa ndani ya nyumba ni mbaya kuliko hasara ya msimu mmoja. Yaandikeni maneno yake katika katiba yenu, kisha umwambie kwamba yameandikwa: chama hakikopi misimu miwili ya kwanza, na mwanachama hatatakiwa kulipia deni la chama zaidi ya kiingilio chake. Mwoneshe kipengele kwa macho. Kisha umwombe kitu ambacho mtu mwenye kidonda chake hawezi kukataa kwa urahisi: aje siku ya mauzo akae kwenye mizani na kalamu. Yeye si mwanachama, hana korosho, hana kamisheni. Kila gunia likipimwa aandike, na mwisho asome kwa sauti. Umwambie unamwita kwa sababu anajua wizi wa karatasi unavyofanana. Ikiwa atakataa mwaka huu, usimlazimishe, ila umwambie bei uliyopata, na umwoneshe daftari.

Deni la dalali lilipe. Alikupa pesa ulipokuwa na shida, na mkikwepa madeni yake ataeneza habari kwamba chama chenu ni cha wakimbia madeni, na hata wabanguaji wataogopa. Nenda kwake na mtu mzima mmoja, mfanye hesabu ya kilichobaki, iandikwe, na mkubaliane utamlipa kwa pesa siku ya mauzo. Kama mlipatana korosho na anashikilia korosho, mtengee kiasi kilekile cha deni lililobaki na risiti uchukue. Usiongeze hata kilo juu yake, na mwezi wa nane ujao usipokee chake kipya, hata kama itabidi uuze kuku na mbuzi kuziba pengo la karo.

Inaweza kutokea kikao kikakataa kipengele cha uongozi, kwa mapenzi ya mjomba wako au kwa haya. Hilo likitokea usigombane. Waage kwa heshima, kisha hesabu ni wangapi wanaokubali kuuza siku moja, kwa mizani moja, pesa ziende moja kwa moja kwa mwenye gunia. Mkiwa kumi mnatosha kuanza. Nunueni daftari, mkodi mizani, na mwite wanunuzi kabla kaskazi haijatulia.